Akiba haiozi, lakini ya kompyuta huoza

WAHENGA walinena kwamba akiba haiozi. Methali hiyo imewafaa wengi katika mambo ya fedha. Lakini siku hizi familia nyingi za mjini zina akiba ya namna nyingine: picha za harusi na za watoto, nakala za hatimiliki ya shamba, vyeti vya shule, tasnifu za wanafunzi wa chuo na hesabu za duka. Akiba hiyo haimo kibindoni wala kabatini. Imo ndani ya kompyuta, ndani ya flashi na ndani ya kadi ya simu. Na akiba hiyo, mpenzi msomaji, huoza.

Kila muhula mpya unapokaribia, wazazi na wanafunzi huuliza maswali yale yale. Je, ninunue laptopu yenye diski ngumu kubwa au ile yenye SSD ndogo? Picha za familia nizitie kwenye flashi au kwenye diski ya nje? Ukiingia madukani katika barabara za Luthuli na Moi jijini Nairobi, utajibiwa kwa kutajiwa mambo mawili: ukubwa wa kifaa na bei yake. Hayo ni muhimu, lakini liko swali la tatu ambalo mnunuzi anafaa kujiuliza kabla ya kufungua mkoba. Kifaa hiki kitakufa vipi? Maana vyote hufa, ila kila kimoja kina kifo chake.

SAHANI ZINAZOZUNGUKA

Tuanze na mzee wao. Mnamo 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mtambo ulioitwa RAMAC, uliokuja na diski ngumu ya kwanza kuuzwa duniani. Diski hiyo ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, na mashine nzima ilikuwa na uzito wa takriban tani moja. Pamoja na ukubwa huo wote, ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Picha moja au mbili za simu za leo zingeijaza pomoni. Sasa ziko diski ngumu unazoweza kuzishika kwa mkono mmoja zenye nafasi ya zaidi ya terabaiti 30, yaani herufi trilioni 30.

Ingawa umbo limepungua, tabia haijabadilika. Ndani ya diski ngumu mna sahani za aluminiamu au kioo zilizopakwa utando wa sumaku. Sahani hizo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake huelea kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia. Katika diski ya laptopu inayozunguka mara 5,400, ukingo wa sahani hukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Kichwa hicho hakiigusi sahani. Huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi.

Ndiposa diski ngumu haipendi kurushwarushwa. Ikiwa imezimwa, kichwa huegeshwa mahali pake na hatari hupungua. Lakini ikiwa inafanya kazi, kishindo kimoja cha kuanguka kutoka mezani hutosha kukifanya kichwa kikwaruze sahani, na palipokwaruzwa hapasomeki tena. Kwa hivyo mwanafunzi mwenye laptopu ya aina hii asiifungue magotini ndani ya matatu inayoruka mashimo, na diski ya nje isikae ukingoni mwa meza huku waya wake ukining'inia mahali watoto wanapopita.

Hata isipoanguka, diski ngumu huchakaa. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo hutunza data za wateja katika diski zaidi ya 200,000, huchapisha takwimu za diski zinazoharibika. Kati ya 2019 na 2024, zilizokufa kila mwaka zilikuwa kama moja au mbili katika kila 100. Nambari hiyo yaonekana ndogo, lakini kumbuka kwamba hizo ni diski zinazokaa mahali penye ubaridi, hazisogezwi, na stima yao haipotei ovyo.

Fadhila ya diski ngumu ni kwamba aghalabu hutoa onyo. Huanza kugongagonga, au faili iliyokuwa ikifunguka mara moja huchukua dakika nzima. Ukiona dalili hizo, acha kila kitu ukanakili vitu vyako siku hiyo hiyo. Na hata ikizima kabisa, mara nyingi data bado imo juu ya sahani, na mafundi wenye vyumba maalumu visivyo na vumbi huweza kuitoa, japo kwa gharama kubwa.

UMEME ULIOFUNGIWA

Kumbukumbu ya flashi ilizaliwa Japani. Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba, aliieleza kwa mara ya kwanza mbele ya wataalamu wenzake mnamo 1984, na mwaka wa 1987 akaleta aina iitwayo NAND, ambayo ndiyo imo katika simu na flashi zetu hadi leo. Jina lilitolewa na mwenzake, Shoji Ariizumi, ambaye alisema kwamba jinsi data inavyofutwa kwa mpigo mmoja kulimkumbusha mmweko wa kamera.

Hapa hakuna sahani wala kichwa. Ndani ya kipande cha silikoni mna mabilioni ya vijumba vidogo, na kila kijumba hufungia elektroni, yaani chembe za umeme. Ukitaka kuelewa, fikiria kikombe cha chai. Katika flashi za kwanza, kikombe kilisomwa kwa namna mbili tu: kimejaa au ni kitupu. Huko ni kuhifadhi biti moja. Baadaye watengenezaji walitaka nafasi zaidi kwa gharama ndogo, wakaanza kupima kina cha chai. Katika aina iliyoenea sasa, kila kikombe huhifadhi biti tatu, kwa hivyo kuna vina 8 vya kutofautisha. Katika ile ya bei nafuu zaidi huhifadhi biti nne, na vina huwa 16.

Kasoro yake ni bayana. Kikombe chenye alama 16 kikivuja kidogo tu, msomaji huona kina kisicho sahihi. Isitoshe, kila kufuta na kuandika upya huudhoofisha ukuta wa kijumba. Aina ya biti moja ilistahimili kufutwa mara 100,000 hivi. Ya biti tatu hustahimili kati ya mara 1,000 na 3,000 hivi.

Je, hiyo ni sababu ya kuogopa? Si kwa matumizi ya nyumbani. Ndani ya SSD mna kidhibiti ambacho huhamisha kazi kutoka kijumba hadi kijumba ili vyote vichakae sawasawa. Kuna SSD za gigabaiti 500 zinazouzwa na dhamana ya kuandikiwa terabaiti 300. Mwanafunzi anayeandika gigabaiti 20 kila siku, na hizo ni nyingi, atachukua miaka 40 kufikia kikomo hicho.

La kuogopwa ni jingine. Kwanza, flashi hufa kimyakimya. Jioni umeitumia, asubuhi kompyuta haiitambui. Haigongi wala hailalamiki. Kidhibiti kikiharibika, elektroni zingali zimefungiwa mle ndani, lakini aliyejua mpangilio wake ameondoka.

Pili, umeme uliofungiwa huvuja polepole. JEDEC, chama kinachoweka viwango vya vifaa hivi, kinataka SSD ya kawaida iliyokwisha kutumiwa hadi kikomo chake iweze kushika data kwa mwaka mmoja bila kuunganishwa na umeme, katika joto la digrii 30. Iliyo mpya hushika kwa muda mrefu zaidi. Lakini joto likizidi, muda hupungua. Kwa hivyo flashi iliyosahaulika kwa miaka ndani ya gari linaloegeshwa juani Mombasa si mahali pa kuweka picha za pekee za marehemu babu.

Tatu, ukifuta faili kwa bahati mbaya, diski ngumu hukupa nafasi ya kuirejesha iwapo utaacha kuitumia mara moja. SSD ya kisasa huvisafisha vijumba vilivyoachwa wazi ili iwe tayari kuandikiwa tena, na huenda ikafanya hivyo baada ya muda mfupi tu. Kilichofutwa humo aghalabu hakirudi.

NDUGU WA TUMBO MOJA

Wengi hudhani SSD, flashi na kadi ya simu ni vitu vitatu tofauti. Kwa hakika vyote vimetengenezwa kwa kumbukumbu ile ile. Ni ndugu wa tumbo moja, ila hawakulelewa pamoja.

SSD hupata vipande vilivyo bora na kidhibiti chenye akili. Flashi ya mkononi, ambayo baadhi ya walimu wetu wa Kiswahili huiita kinyonyi, aghalabu hutengenezwa kwa kubana gharama. Kidhibiti chake ni hafifu, na kila mara huchomekwa na kuchomolewa, hukanyagwa, hufuliwa pamoja na suruali na huachwa katika saiba. Mle ndani ya saiba hukutana na virusi vinavyoficha faili au kuziharibu. Mwanafunzi aliye na nakala moja tu ya tasnifu, na nakala hiyo iko kwenye flashi, amelaza kazi ya miaka miwili mahali pabaya. Flashi ni bahasha ya kubebea, si kabati la kuhifadhia.

Na kasi je? Hapa SSD haina mpinzani. Kichwa cha diski ngumu hulazimika kusafiri hadi mahali data ilipo, kisha kisubiri sahani izunguke. Kwa sekunde moja hufikia sehemu mia moja hivi tofauti. SSD hufikia makumi ya maelfu. Ndiyo maana laptopu ile ile iliyokuwa ikiwaka kwa dakika mbili, huwaka kwa sekunde chache baada ya kubadilishiwa diski. Kwa familia inayonunua laptopu iliyokwisha kutumika ng'ambo, mara nyingi shilingi zinazotumika kuitilia SSD zina faida kuliko kutafuta mashine mpya.

Kwa upande mwingine, kwa kila shilingi utakayotoa, diski ngumu bado hukupa nafasi kubwa kuliko SSD. Kwa hivyo uamuzi si mgumu. Kompyuta unayoifanyia kazi kila siku ipe SSD, hata kama ni ndogo. Diski ngumu ya nje iwe ya kuwekea nakala, ambapo kasi si hoja na haisafirishwi kila siku.

UKUBWA WA KWELI NA WA UONGO

Wapo wasomaji wanaolalamika kwamba walinunua diski ya gigabaiti 500, lakini kompyuta ikaonyesha 465. Hapo hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa maelfu: kwake gigabaiti ni baiti bilioni moja kamili. Kompyuta yenye Windows huhesabu kwa vipimo vya 1,024. Baiti ni zile zile, kipimo ndicho tofauti. Vivyo hivyo, terabaiti moja huonekana kama gigabaiti 931, na flashi ya 32 huonekana kama 29 na ushee.

Wizi uko mahali pengine. Kuna flashi na kadi bandia zilizoandikwa terabaiti 2 na kuuzwa kwa bei ya mlo wa mchana. Ndani yake mna kipande kidogo, pengine cha gigabaiti 16, na kidhibiti kilichofundishwa kusema uongo. Ukiichomeka, kompyuta huamini na kuonyesha terabaiti 2. Utanakili picha zako zote bila kuona kosa lolote. Lakini zikishapita ukubwa wa kweli, zinazofuata hupotea au huandikwa juu ya zile za kwanza. Majina ya faili hubaki, ndani hamna kitu. Mwenyewe hugundua baada ya miezi, wakati picha za asili zimeshafutwa kwenye simu.

Dawa yake ni kuipima kabla ya kuiamini. Iko programu ya bure ya Windows iitwayo H2testw, na nyingine ya Linux na Mac iitwayo F3. Huijaza flashi yote, kisha huisoma upya na kulinganisha. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, lakini heri saa hizo kuliko majuto.

KIFO CHA KUKOSA MSOMAJI

Kuna kifo kimoja ambacho si cha kuharibika. Waliosoma chuoni miaka ya tisini wanazikumbuka diski nyororo za inchi 3.5, zilizobeba megabaiti 1.44. Picha moja ya simu ya leo haitoshei humo. Kampuni ya Sony, iliyozileta mwaka wa 1981, iliacha kuziuza nchini Japani mnamo Machi 2011. Huenda data iliyomo bado ni nzima, lakini uliza mtaani kwenu ni nani aliye na mashine ya kuisoma.

CD na DVD zinafuata njia hiyo hiyo. Laptopu nyingi mpya hazina tundu la kuzitia. Familia nyingi zina video za harusi na za mazishi kwenye DVD zilizochomwa na mpiga picha. DVD za namna hiyo hurekodiwa kwenye rangi maalumu ambayo hufifia kwa joto na mwanga, tofauti na zile zilizopigwa chapa kiwandani. Ikiwa unazo, zihamishe mwaka huu huu, kabla hazijafifia na kabla jirani mwenye kompyuta kuukuu hajaiuza kwa chuma chakavu.

WINGU NI NYUMBA YA KUPANGA

Kijana wa leo atasema, haya yote ya nini, si vitu vyangu viko kwenye wingu? Wingu ni jina zuri tu la kompyuta za watu wengine, na ndani yake mna diski ngumu na SSD kama hizi hizi. Faida yake ni kubwa: nyumba yako ikiungua au laptopu ikiibwa, picha zi salama mbali nawe.

Lakini hiyo ni nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba ana masharti yake. Google, kwa mfano, hutoa gigabaiti 15 bila malipo, na tangu Juni 2021 picha mpya huhesabiwa humo pamoja na barua pepe. Aidha, kampuni hiyo ilitangaza mwaka wa 2023 kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa kwa miaka miwili yaweza kufutwa. Mzazi akifariki na hakuna anayejua neno lake la siri, picha zake zaweza kumfuata.

NAKALA KATIKA NYUMBA NYINGINE

Usidhani kwamba mambo haya huwapata wasio na uwezo pekee. Mnamo 1998, kampuni ya filamu ya Pixar huko California ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2. Mtu mmoja alitoa amri isiyofaa kwenye kompyuta, na sehemu kubwa ya filamu ikafutika mbele ya macho yao. Walipokimbilia nakala za akiba, waligundua kwamba mpango wa kunakili haukuwa ukifanya kazi ipasavyo, na hakuna aliyekuwa ameukagua. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua mtoto na hivyo alikuwa akifanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Waliifunga kwa mablanketi na kuibeba kwa gari hadi ofisini.

Kampuni yenye mitambo na mafundi wote hao iliokolewa na nakala iliyokuwa katika nyumba nyingine. Funzo hilo lafaa familia yoyote. Wataalamu hulieleza kwa hesabu fupi: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine.

Kwa familia ya kawaida, hilo halihitaji utajiri. Nakala ya kwanza ni ile iliyo kwenye laptopu au simu. Ya pili iwe kwenye diski ngumu ya nje, inayotolewa kabatini mara moja kwa mwezi, ikaunganishwa, ikanakiliwa na kurudishwa. Usiiache ikiwa imechomekwa daima, kwa maana virusi au hitilafu ya stima vitaziua zote mbili kwa pamoja. Ya tatu iwe kwenye wingu, au kwenye diski nyingine iliyo kwa shangazi mjini au kwa nyanya mashambani, na ubadilishe kila mnapokwenda Krismasi au Idi.

Mwanafunzi anayeandika tasnifu asingoje mwisho wa mwezi. Kila jioni ajitumie kazi yake kwa barua pepe, hata kama ni kurasa mbili. Na mara moja moja, fungua nakala zako uone kama zinafunguka kweli. Nakala isiyokaguliwa ni tumaini tu.

Baada ya miaka mitano hivi, hamishia kila kitu kwenye kifaa kipya, hata kama cha zamani hakijaonyesha dalili. Wahenga hawakukosea. Akiba yaweza kukosa kuoza, ila hii yetu yahitaji kupinduliwa na kuanikwa kila mara kama mahindi.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutaeleza jinsi ya kuisafisha laptopu kuukuu kabla ya kuiuza, ili mnunuzi asirithi picha za jamaa yako. Jumapili njema.